Uwanja wa Simba, uwanja wa Yanga: hati itasoma jina la nani?

Tarehe 25 Mei 2025 Simba iliikaribisha RS Berkane ya Morocco katika mchezo wa marudiano wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ilikuwa imetoka kufungwa 2-0 ugenini, na ili ipindue matokeo ilihitaji kila sauti ya kila shabiki. Mchezo ule haukuchezwa Dar es Salaam. Ulichezwa Uwanja wa Amaan, Unguja, kwa kuwa CAF, shirikisho la soka la Afrika, haikuridhika na hali ya eneo la kuchezea la Uwanja wa Benjamin Mkapa. Mchezo wa nyumbani wa nusu fainali dhidi ya Stellenbosch ya Afrika Kusini nao ulikuwa umechezwa huko huko. Mechi ikaisha 1-1, kombe likaenda Berkane.

Wazanzibari waliipokea Simba kwa moyo mmoja, na mimi si miongoni mwa wanaoamini kwamba Temeke, ulipo Uwanja wa Mkapa, peke yake ingeleta kombe. Kinachoniuma ni kingine. Klabu iliyoanzishwa 1936, yenye matawi kila mkoa, ilifika kwenye wiki kubwa kuliko zote katika miaka yake ya karibuni na haikuwa na kauli juu ya wapi itacheza. Nyasi si zake. Ratiba ya matengenezo si yake. Ufunguo wa geti uko kwa mtu mwingine, na mtu huyo ni Serikali, ambayo ina mambo yake mengi ya kufanya na uwanja ule, kuanzia mechi za Taifa Stars mpaka mashindano kama CHAN, ya wachezaji wa ligi za ndani za Afrika.

Yanga wasicheke. Klabu ya mwaka 1935, kongwe kuliko watani wake, imekuwa ikihama kama mpangaji. Ilicheza mechi za ligi Chamazi, ambako mwenye nyumba ni Azam FC, mshindani wake wa ubingwa. Novemba 2024, baada ya kupoteza mechi mbili mfululizo pale, ikahamia KMC Complex, Mwenge, uwanja wa Manispaa ya Kinondoni. Ukitaka kujua uzito wa jambo hili, jiulize ni wapi pengine bingwa wa nchi anaamka asubuhi na kuomba nafasi kwenye uwanja wa timu anayogombea nayo taji.

Kwa hiyo kila mara klabu hizi zinapotangaza kwamba zitajenga, furaha ya mashabiki ni ya haki. Nami naitaka siku hiyo. Lakini nimefuatilia mijadala ya redioni na vijiweni, na swali linaloulizwa karibu kila mara ni moja: utachukua watu wangapi? Elfu 20? Elfu 30? Utafanana na wa Ulaya? Swali hilo halinisumbui sana. Linalonisumbua ni lile ambalo viongozi hawaulizwi: hati ya ardhi itasoma jina la nani, na deni litasoma jina la nani? Majibu ya maswali haya mawili ndiyo yatakayoamua kama Simba na Yanga zitakuwa zimepata nyumba au zimepata mwenye nyumba mpya.

Watanzania hatuhitaji kwenda mbali kulielewa hili. Tazama viwanja vya mikoani: Kirumba kule Mwanza, Sokoine Mbeya, Jamhuri Morogoro, Majimaji Songea, Ali Hassan Mwinyi Tabora, Sheikh Amri Abeid Arusha. Ni mali ya CCM. Vingi vilijengwa enzi za chama kimoja, wakati mwananchi aliyetoa mchango wake au nguvu zake hakuwa na sababu ya kuuliza kama anachangia chama au anachangia mkoa, maana vyote vilionekana kitu kimoja. Ulipokuja mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, viwanja vikabaki na mwenye hati. Leo timu ya mkoa inalipa ili icheze kwenye uwanja ambao babu wa mchezaji wake huenda alibeba mawe kuujenga. Sisemi hivi kwa siasa, kwani CCM haikuvunja sheria yoyote kubaki na mali iliyoandikwa kwa jina lake. Ndiyo maana ya hati. Mwenye jina ndiye mwenye mali, hata kama jasho lilikuwa la wengine.

Mapenzi ya mashabiki wa Simba na Yanga yanafanana sana na mapenzi yale ya enzi hizo. Mwanachama anaposikia "uwanja wetu" hatafuti mkataba, anatafuta namba ya kutumia pesa. Novemba 2021 Simba ilizindua kampeni ya kuchangia uwanja, na mwekezaji wake, Mohammed Dewji, akaanza kwa kuahidi shilingi bilioni 2. Watu walihamasika kwelikweli. Bunju, kwenye eneo la Simba, kuna viwanja vya mazoezi vilivyoanza kutumika mwishoni mwa 2019, na hilo ni jambo la kupongezwa, lakini uwanja wa mashindano haukutokea kwa michango ile. Upande wa pili, enzi za Yusuf Manji, aliyeiongoza Yanga kuanzia 2012 hadi 2017, michoro ya uwanja wa Jangwani, yaliko makao ya klabu, ilizungumzwa kiasi kwamba mtu angedhani zege limeshamwagwa. Michoro haijawahi kuwa tatizo la klabu zetu. Tunayo ya kutosha kufungulia maonyesho.

Tuje kwenye pesa, kwa sababu hapo ndipo suala la hati linapozaliwa.

Uwanja wa Mkapa, wakati huo Uwanja wa Taifa, ulikamilika 2007 kwa gharama ya takriban dola milioni 56, ukiwa na uwezo wa watu 60,000. Ujenzi ulifanywa na kampuni ya Kichina na sehemu kubwa ya pesa ilikuwa msaada wa China. Ukiigeuza pesa hiyo kwa dola ya shilingi 2,500 hivi unapata bilioni 140. Theluthi yake, kwa uwanja wa watu 20,000, ni zaidi ya bilioni 46, kabla hujagusa kupanda kwa bei ya nondo na saruji tangu wakati huo. Kwa hiyo tuchukue bilioni 60 kama namba ya mfano. Huenda ikawa pungufu, huenda ikazidi, lakini inatosha kwa hesabu ya kalamu na karatasi.

Ligi Kuu ina timu 16, kwa hiyo kila timu ina mechi 15 za nyumbani. Tuwe wakarimu na tuseme kila mechi inaingiza watu 10,000 kwa kiingilio cha shilingi 5,000. Hiyo ni milioni 50 kwa mechi, milioni 750 kwa msimu. Bado hujatoa kodi, gharama za tiketi, fungu la TFF, la Bodi ya Ligi na mengineyo. Hata ukiipokea yote bila kukatwa senti, bilioni 60 zingerudi baada ya miaka 80. Ongeza VIP, ongeza mechi za kimataifa, ifanye mara mbili: miaka 40. Uwanja wenyewe utakuwa umezeeka.

Na hiyo ni bila riba. Riba za benki zetu za biashara huzunguka asilimia 15 kwa mwaka. Mkopo wa bilioni 60 ungekula bilioni 9 kila mwaka kwa riba tu. Sasa linganisha na mapato makubwa ambayo mpira wetu umewahi kuyaona. Mkataba wa Simba na M-Bet uliosainiwa 2022 ulikuwa wa bilioni 26.1 kwa miaka mitano, yaani bilioni 5 na kidogo kwa mwaka. Mwaka huo huo Yanga ilisaini na SportPesa zaidi ya bilioni 12 kwa miaka mitatu. Mkataba wa Azam Media na TFF wa mwaka 2021, ule wa bilioni 225.6 ulioitikisa Afrika Mashariki, ni wa miaka kumi na unagawiwa klabu zote. Mdhamini mkuu wa jezi hawezi hata kulipa riba ya uwanja. Hakuna klabu nchini inayoweza kwenda benki, kukopa kwa masharti ya kawaida, kujenga na kulipa huku ikiendelea kusajili na kulipa mishahara.

Basi anayeweza kujenga ni nani? Ni mfadhili tajiri, au mwekezaji mwenye hisa, au Serikali. Na katika hao, anayetajwa zaidi kwa klabu zote mbili ni mwekezaji au mfadhili. Ndiyo maana nasema suala la hati haliwezi kusubiri.

Fuatilia hesabu hii kwa makini, maana ndiyo kiini cha wasiwasi wangu. Katika mabadiliko ya mfumo wa Simba, mwekezaji aliahidi bilioni 20 kwa asilimia 49 ya hisa, wanachama wakabaki na 51 kama Serikali ilivyotaka. Maana yake klabu nzima ilithaminiwa kwa karibu bilioni 41. Uwanja wa bilioni 60 una thamani kubwa kuliko klabu itakayoucheza. Mwekezaji akiingiza bilioni 60 kama mtaji, wanachama wangepaswa kuingiza zaidi ya bilioni 62 ili wabaki na asilimia zao 51. Hawana. Na kwa kuwa sheria hairuhusu asilimia zao zishuke, pesa haitaingia kama mtaji. Itaingia kwa mlango wa pili: kama mkopo wa mwenye hisa kwa klabu.

Hapo ndipo mwanachama anatakiwa akae vizuri kitini. Asilimia 51 zitabaki vile vile kwenye makaratasi, atazitaja kwa fahari kwenye mkutano mkuu, lakini klabu itakuwa inadaiwa pesa inayozidi thamani yake na mtu mmoja. Mkopo wa namna hiyo hauendi bila dhamana, na dhamana ya kwanza itakayoombwa ni ardhi. Siku mwekezaji akichoka, akigombana na uongozi, akifariki na warithi wake wakawa hawana habari na mpira, au biashara zake zikiyumba, hati ndiyo itakayozungumza. Ni kama kijana aliyejenga nyumba nzuri kwenye kiwanja cha shemeji yake: amani ni kubwa mpaka siku ndoa inapoingia mgogoro.

Sitaki msomaji adhani namtuhumu mtu. Dewji ameiweka Simba mahali ambapo haikuwa, na kampuni ya GSM, wafadhili wa Yanga, wameibeba klabu hiyo katika kipindi ambacho wachezaji walikuwa wanadai mishahara. Tajiri anayetoa pesa yake kwa mpira wa Tanzania anastahili heshima, tena anastahili mkataba unaomlinda naye, arudishiwe chake bila kulazimika kulalamika mitandaoni. Mkataba mzuri ni kinga ya pande zote mbili. Kinachonitia hofu ni desturi yetu ya kuona aibu kumwomba mfadhili karatasi, kana kwamba kuuliza ni kukosa shukrani.

Duniani mifano iko wazi. Coventry City ya Uingereza iliondoka uwanja wake wa zamani, Highfield Road, mwaka 2005 ikahamia uwanja mpya wa kisasa ambao haukuwa mali yake. Wamiliki wa klabu wakaja kukosana na wamiliki wa uwanja. Msimu wa 2013/14 timu ikalazimika kucheza mechi za "nyumbani" mjini Northampton, na kuanzia 2019 ikacheza misimu miwili mjini Birmingham. Mashabiki wenye uwanja mzuri mjini kwao walikuwa wanapanda magari kwenda mji wa watu kuitazama timu yao. Mpaka Agosti 2025 ndipo klabu iliweza kuununua uwanja ule. Miaka 20.

Valencia ya Hispania ni somo la aina nyingine, na nadhani linatuhusu zaidi. Agosti 2007 walianza kujenga uwanja mpya. Mpango ulikuwa kuuza ardhi ya uwanja wao wa zamani, Mestalla, ili walipie mpya. Soko la nyumba la Hispania likaanguka, mnunuzi hakupatikana, na Februari 2009 ujenzi ukasimama. Zege likabaki limesimama katikati ya mji kwa karibu miaka 16, mpaka kazi ilipoanza tena Januari 2025. Katika kipindi hicho klabu iliyokuwa imecheza fainali mbili za Ligi ya Mabingwa Ulaya iliwauza David Villa na David Silva mwaka 2010, na Juan Mata 2011, kisha mwaka 2014 ikauzwa yenyewe. Walianza kumwaga zege kabla pesa ya kumalizia haijawa mkononi.

Karibu na kwetu kuna TP Mazembe ya Lubumbashi, klabu ambayo Watanzania wengi tuliijua kwa karibu kupitia Mbwana Samatta, aliyetwaa nayo Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015. Mazembe walifungua uwanja wao wa Kamalondo mwaka 2011, wenye uwezo wa watu 18,500 hivi, baada ya kutwaa ubingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, 2009 na 2010, na kufika fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia. Ukubwa ule ni somo. Klabu iliyokuwa tishio la bara zima haikujenga uwanja wa watu 60,000, ilijenga unaojaa. Lakini kuna upande wa pili. Nguvu ya Mazembe ilikuwa mfuko wa mtu mmoja, Moïse Katumbi, na siasa zilipomlazimisha kuishi nje ya nchi kuanzia 2016 hadi 2019, klabu ilitikisika pamoja naye. Nyasi zilikuwepo, viti vilikuwepo, pesa ya kuishi ikapungua. Uganda nao wana Vipers na uwanja wao wa Kitende, uliofunguliwa 2017, uliosimama juu ya mabega ya Lawrence Mulindwa. Na sisi tuna Chamazi.

Chamazi naipenda kwa sababu haina utata. Ni ya Azam, Azam ni ya familia ya Bakhresa, na hakuna mwanachama yeyote aliyeambiwa kwamba ni yake. Viti 10,000, taa, hosteli, kituo cha vijana, kila kitu mahali pamoja. Kinachokosekana pale ni umma, kwa sababu siku ambayo mgeni si Simba wala Yanga majukwaa huwa na nafasi tele. Kwa hiyo tuna klabu moja yenye uwanja inayotafuta watu, na klabu mbili zenye watu zinazotafuta uwanja. Wala siamini kwamba Simba na Yanga zinapaswa kuiga mfumo wa Azam. Azam inaweza kuwa ya mtu kwa sababu ilianzishwa na mtu. Simba na Yanga zilianzishwa na wakazi wa Kariakoo wakati wa ukoloni, zikakua kwa ada za watu wa kawaida, na majengo yao ya Msimbazi na Jangwani ni mali ya pamoja ya watu hao na wajukuu zao. Ardhi hiyo ndiyo urithi pekee wa maana walionao wanachama. Jezi zinabadilika, wachezaji wanaondoka, hata jina lilishawahi kubadilika kutoka Sunderland kuwa Simba mwaka 1971. Ardhi imebaki.

Niseme kidogo kuhusu ardhi yenyewe, maana kila klabu ina mtihani wake.

Jangwani ni bonde la Mto Msimbazi. Kila mkazi wa Dar es Salaam anajua maana yake mvua za masika zinapokaza: Barabara ya Morogoro inafungwa pale darajani na jiji linagawanyika vipande viwili. Mafuriko ya Desemba 2011 yalisababisha Serikali kuwahamishia wakazi wa bondeni Mabwepande. Karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa pale imeingiliwa na maji mara kadhaa na mabasi kuharibika. Sasa kuna mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022, na ndani yake kuna daraja jipya lililoinuliwa na kuihamisha karakana hiyo. Serikali inaondoa mabasi bondeni, Yanga inataka kuingiza uwanja. Mambo haya mawili yanaweza kupatana, kwa sababu uhandisi wa kuinua ardhi na kuongoza maji upo, lakini gharama yake inaingia kwenye ile bilioni 60 na kuisukuma juu. Anayetuonyesha picha ya majukwaa ya Jangwani atuonyeshe pia mchoro wa mifereji. Uwanja wa Kaunda, ule wa zamani wa Yanga pale Jangwani, uliopewa jina la Rais wa kwanza wa Zambia, umejaa maji kwa miaka mingi kiasi kwamba hakuna mwana-Yanga anayehitaji kusimuliwa.

Pamoja na hayo, Jangwani ina kitu ambacho Bunju haina: iko jirani na Kariakoo, soko linalolisha wafanyabiashara wa nchi nzima na wa Kongo, Zambia, Malawi na Burundi. Tulishaona kwamba viingilio havilipi uwanja. Kinacholipa ni siku zile nyingine zote za mwaka ambazo hakuna mechi, na pale Jangwani siku hizo zina bei. Fremu za maduka chini ya jukwaa, maegesho, kumbi, maghala ya juu, hizo ndizo zitakazorudisha pesa. Kama ningekuwa mwekezaji ningeziangalia fremu kabla sijaangalia viti. Na kama ningekuwa mwanachama ningeuliza: kodi ya fremu hizo inaingia akaunti ya nani, kwa miaka mingapi?

Bunju iko takriban kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Ni pakavu, pana nafasi, na mwendokasi wa Barabara ya Bagamoyo utapunguza adha ya safari. Lakini mechi ya saa 1 usiku siku ya Jumatano inamtaka shabiki wa Mbagala au Gongo la Mboto avuke jiji zima kwenda na kurudi. Bunju inafaa uwanja mdogo wa kisasa na kituo cha vijana, na Simba wakiwa wakweli na nafsi zao watakubali kwamba derby na usiku mkubwa wa Afrika utabaki Mkapa. Hakuna aibu hapo. Klabu yenye mataji mengi kuliko zote Afrika, Al Ahly, imecheza usiku wake mkubwa Uwanja wa Kimataifa wa Cairo miaka yote hii.

Jibu la suala la hati lipo, na halihitaji kubuniwa upya. Kila klabu ina Bodi ya Wadhamini, na hapa nazungumzia wale wanaoshika mali za wanachama kisheria, si kampuni za kwenye jezi. Hati ibaki mikononi mwa bodi hiyo, ikiwa na kifungu kinachosema haiwezi kuwekwa rehani kwa mkopo wowote bila kura ya mkutano mkuu. Iundwe kampuni ya uwanja, iliyo peke yake mbali na kampuni ya timu, ipangishwe ardhi kwa muda maalumu. Mwekezaji aweke pesa humo. Arudishe chake kwa fremu, kwa jina la uwanja, kwa matangazo na matamasha, tena na faida yake. Muda ukiisha, jengo lirudi kwa klabu. Asiporudisha chake kwa wakati, hasara iwe ya kampuni ya uwanja na isiguse timu, wala ardhi. Timu iwe na haki ya kucheza pale kwa kiwango cha malipo kilichoandikwa tangu siku ya kwanza, hata kama mwenye kampuni ya uwanja atabadilika mara tatu.

Mwekezaji atasema masharti haya ni magumu. Atakuwa sahihi, ni magumu. Yatamlazimu kusubiri pesa yake kwa muda mrefu, na huenda yakapunguza ukubwa wa uwanja kutoka 30,000 hadi 15,000. Mimi naona ni bora uwanja wa 15,000 ambao hati yake iko kwa wanachama kuliko wa 40,000 ambao ufunguo wake uko ofisini kwa mtu. Nyongeza ya majukwaa inaweza kujengwa baadaye. Hati ikishaondoka, kuirudisha kunaweza kuchukua kizazi.

Halafu kuna jambo la kisheria ambalo sijasikia likitajwa. Ardhi ya Tanzania ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini, na anachopewa mtu ni haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99. Mwanachama ana haki ya kujua hati ya klabu yake ina miaka mingapi iliyobaki. Ukimpangisha mwekezaji ardhi kwa miaka 33 wakati hati yenyewe ina miaka 20, umepanga mgogoro. Na eneo la nyongeza ambalo klabu inaomba kwa Serikali, kama Yanga ilivyoomba Jangwani, linapaswa kuingia kwenye hati ile ile ya wanachama. Ikitokea likaandikwa kwa kampuni, uwanja utasimama nusu kwenye ardhi ya wanachama, nusu kwenye ardhi ya mtu.

Mkutano mkuu ujao wa kila klabu utakuwa na agenda nyingi, nyimbo nyingi na hotuba ndefu. Mwanachama mmoja kutoka tawi lolote, Kigoma au Tandika, anaweza kunyoosha mkono na kuomba vitu viwili kabla jiwe la msingi halijawekwa: nakala ya hati ya ardhi yenye jina na tarehe ya kuisha, na rasimu ya mkataba wa ujenzi kwa Kiswahili, igawiwe matawini siku 30 kabla ya kupigiwa kura. Uongozi wenye nia njema hautahitaji zaidi ya mashine ya kurudufu kulitimiza hilo. Na kama jibu litakuwa kwamba mambo haya ni ya wanasheria, basi kura ya ndiyo isipigwe siku hiyo.